Sauti ya Makao: Ushauri kwa Wajifunzao Ngazi na Modi za Gitaa

Aghalabu kijana anunuaye gitaa, akishazoea kodi tatu au nne za kuandamia nyimbo za wengine, hushikwa na tamaa ya kupiga solo. Na tamaa hiyo ikishamkaa moyoni hutafuta kitabu, au huazima karatasi kwa rafiki, ambamo shingo ya gitaa imechorwa mfano wa jedwali lenye mistari na madoa, na juu ya kila jedwali pameandikwa jina geni lenye haiba ya elimu: Doria, Frigia, Lidia, Miksolidia. Kwa idili isiyo na lawama kijana huyo hukariri jedwali moja baada ya jingine, vidole vyake vikapata wepesi, na baada ya miezi kadhaa akaweza kupanda na kushuka shingo nzima pasipo kukosa doa hata moja. Kisha bendi ya mtaani humkaribisha. Mpiga besi huanza, rithimu huingia, zamu yake hufika, naye hupanda, hushuka, hupanda tena, na waliokaa kumsikiliza wasijue wimbo unaelekea wapi, kwa sababu yeye mwenyewe hajui.

Hali hiyo haitokani na uvivu wala uchache wa kipaji, bali hutokana na mpango wa masomo uliolitanguliza jicho mahali palipokuwa haki ya sikio. Mwenye kukariri madoa pasipo kuitambua sauti ya makao, yaani ile sauti ambayo wimbo hutoka kwake na kurejea kwake, ni kama mgeni aliyevijua vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja kwa kuhesabu milango, asijue bahari iko upande gani: atakwenda upesi maadamu hesabu haijamponyoka, walakini akigutushwa kidogo tu hana tena pa kuanzia. Ushauri wangu katika makala haya, basi, ni mmoja, na yote yatakayofuata ni matawi yake: ngazi na modi zisomwe kwanza juu ya uzi mmoja, huku sauti ya makao ikilia chini yake bila kukoma, na majedwali yaje nyuma, yawe ukumbusho wa jambo ambalo sikio limekwisha kulijua.

Kabla ya kidole kuwekwa mahali, inafaa kufahamu jinsi shingo yenyewe ilivyotengenezwa. Imekatwa kwa vipande vya chuma viitwavyo freti, na kutoka freti moja hadi ya pili sauti hupanda nusu hatua, ambayo ndiyo hatua ndogo kuliko zote katika muziki wa Kizungu; freti kumi na mbili zikitimia, sauti imerudi kwenye jina lake lilelile, ila juu zaidi, na hapo uzi umegawanyika nusu kwa nusu. Vincenzo Galilei, mpiga luti wa Italia na baba yake Galileo mtaalamu wa falaki, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1581 kanuni ya kuzipanga: freti ya kwanza iwekwe penye sehemu moja katika kumi na nane za urefu wa uzi, ya pili penye sehemu moja katika kumi na nane za urefu uliosalia, na vivyo hivyo hadi chini. Gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni lina uzi wa sentimita 65 hivi, kwa hiyo freti yake ya kwanza iko kiasi cha sentimita 3.6 kutoka juu, na zile zifuatazo huzidi kubanana kadiri mkono unavyoshuka kuelekea mwilini mwa gitaa. Maana yake ni kwamba vidole havina kipimo kimoja cha kutegemea. Hatua ileile hutaka mkono upanuke huku na ukunjike kule, na kipimo kisichobadilika mahali pote ni kile kilichomo sikioni.

Sikio la Afrika ya Mashariki, nalo, lina akiba ambayo waandishi wa vitabu vya gitaa wa ng'ambo hawakuitia hesabuni. Yeyote aliyepata kuimba katika kwaya, ya kanisani au ya shuleni, amefundishwa do, re, mi, fa, so, la, ti kwa njia ile aliyoieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta huku, njia ambayo ndani yake do haikufungwa na sauti yoyote maalumu, bali huhama pamoja na wimbo. Hapana utaratibu unaolifaa gitaa zaidi ya huo, kwa kuwa mkono wa mpiga gitaa nao huhama: umbo la vidole lililo sahihi penye freti ya tatu huwa sahihi penye freti ya nane, na kilichobadilika ni urefu wa sauti tu, si uhusiano wa sauti na sauti. Mwanakwaya anajua, hata kama hajapata kuambiwa kwa maneno, kwamba baina ya mi na fa na baina ya ti na do kuna nusu hatua, na kwingineko kote kuna hatua nzima. Ukihesabu kwa freti utapata mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Hiyo ndiyo ngazi kuu yote, na asiyeijua kwa hesabu hiyo asiguse kwanza jedwali lolote.

Sasa shika gitaa. Chukua uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, uite do ukiwa mtupu, yaani bila kubanwa. Re itakuwa freti ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu ni freti ya 12. Kwa kidole gumba cha mkono wa kulia uguse uzi wa sita, ule mnene, nao uwe mtupu. Una sauti yenye jina lilelile, oktava mbili chini. Uache ulie. Usipande ngazi kwanza. Piga do, sikiliza, piga so juu ya besi hiyo, sikiliza, rudi do. Kisha jaribu ti, uone jinsi inavyokereketa na kudai kupandishwa freti moja ili itulie, na fa, jinsi inavyopenda kuangukia mi. Kila sauti ina tabia yake mbele ya makao, na tabia hizo hazisomwi katika mchoro wowote. Ziimbe kabla ya kuzipiga. Ukishindwa kuiimba sauti, kidole kilichoipata kimebahatisha.

Kazi hii ya kidole gumba na kidole cha shahada, kimoja kikishika besi na kingine kikisema maneno ya wimbo, si ya wanafunzi peke yao. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimkuta huko Jadotville, mji ambao siku hizi ni Likasi, akamrekodi mwaka 1952, alipiga kwa vidole viwili hivyo, na kwa vidole viwili hivyo gitaa moja likasikika kana kwamba ni mawili, huku yeye akiimba Kiswahili cha kwao. Anayetaka kujua faida ya besi isiyokoma na amsikilize mtu huyo kwa makini, aliache jedwali lake kabatini kwa juma zima.

Utakapoona do hadi do imekukaa vidoleni, tafuta juu ya uzi huohuo nyimbo unazozijua tangu utotoni, na kwa kuwa nyingi hushuka chini ya do yake, hamisha makao: do iwe freti ya 5 ya uzi wa kwanza, na besi iwe uzi wa tano mtupu. Hapo utakuwa na so ya chini kwenye uzi mtupu na so ya juu kwenye freti ya 12, na katikati ya hizo zinakaa tuni nyingi mno. Anza na wimbo wa taifa la Tanzania, ambao tuni yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897. Utaikuta imetulia penye do kama mtu aliyefika kwake. Kisha bila kuondoka penye freti ileile, tafuta wimbo wa taifa la Kenya, uliojengwa juu ya bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Vidole vitakataa. Sauti ya tatu, ambayo Tanzania iliikubali penye freti ya 9, Kenya huitaka penye freti ya 8, na ukiilazimisha ya 9 wimbo utakuwa kichekesho. Sababu ni kwamba wimbo huo makao yake si do bali ni la; ukiita ile freti ya 5 la, halafu ukahesabu ti, do, re, mi kwa hatua zile unazozijua, kila kitu kitakwenda mahali pake. Mtu aliyefanya zoezi hili mara moja kwa sikio lake amekwisha kuijua maana ya modi, ingawa hajalitamka jina hata moja la Kiyunani.

Maana modi si kitu kingine. Sauti saba ni zilezile za kwaya, ila mojawapo imepewa cheo cha makao, na zile sita nyingine zikajipanga upya kwa kuitazama hiyo. Do ikiwa makao huitwa Ionia, re Doria, mi Frigia, fa Lidia, so Miksolidia, la Eolia, na ti Lokria. Majina haya ni ya makabila na nchi za Wayunani wa kale na majirani zao, na yalipewa mpango unaokaribia huu tuutumiao na Heinrich Glarean wa Uswisi, katika kitabu chake Dodecachordon kilichochapwa Basel mwaka 1547, ambamo aliziongeza Ionia na Eolia, kila moja na pacha wake, juu ya modi nane za kanisa, zikawa kumi na mbili. Historia hiyo ni tamu kwa aipendaye, lakini haimpi mpiga gitaa sauti hata moja, nami sitaizidisha.

Lililo muhimu ni kuzijua modi kwa tofauti zao zikiwa zimewekwa juu ya makao mamoja, na hapa ndipo walimu wengi wanapokwenda kombo. Humwambia mwanafunzi apige ngazi ya do aianzie re, naye akaambiwa amepiga Doria. Hasha! Ikiwa besi inaendelea kulia do, au ikiwa sikio lake bado linaisubiri do, amepiga ngazi ileile ya zamani akiwa amechelewa kuingia. Makao hayawekwi na sauti uliyoanzia. Huwekwa na sauti inayorudiwa, inayolala chini, inayopewa pigo zito, na ambayo kodi za wimbo huizunguka. Kwa hiyo rudi kwenye uzi wa kwanza na wa sita, besi ile isiyokoma, na ufanye mabadiliko machache uyasikie moja moja.

Piga ngazi kuu, kisha ishushe ti kutoka freti ya 11 hadi ya 10, zilizobaki uziache zilivyo. Hiyo ni Miksolidia, na ladha yake ni ya furaha isiyo na haraka ya kumaliza, kwa sababu ile ti iliyokuwa ikidai kurudi nyumbani imelegezwa. Rudisha 11, sasa pandisha fa kutoka freti ya 5 hadi ya 6: Lidia, yenye mwanga mkali kidogo, ambayo wasikilizaji wengine huiona ngeni na wengine huiona ya ndotoni. Hizo mbili ni ndugu wa ngazi kuu, na kila moja imetofautiana nayo kwa sauti moja tu.

Upande wa pili anza na Eolia, iliyo ngazi ya huzuni ya asili: uzi mtupu, 2, 3, 5, 7, 8, 10, 12. Pandisha ile ya 8 hadi 9, nawe umepata Doria, ambayo bado ni ya huzuni lakini haijakata tamaa. Miles Davis na wenzake, katika sahani yao Kind of Blue ya mwaka 1959, walijenga kipande kiitwacho So What juu ya Doria karibu peke yake: mipimo 16 makao yakiwa D, mipimo 8 makao yamesogezwa nusu hatua juu, kisha mipimo 8 yamerudi D, na mzunguko wote wa mipimo 32 umekwisha. Nakushauri uisikilize si kwa ajili ya kuiga ufundi wao, ambao si wa mwanafunzi, bali kwa ajili ya kuona jinsi watu mahodari walivyoweza kukaa mahali pamoja muda mrefu pasipo kumchosha msikilizaji. Rudi Eolia, ushushe ile ya 2 hadi 1: Frigia, nzito, yenye giza tangu hatua yake ya kwanza, na Wahispania wanaijua sana. Ukiishusha tena na ile ya 7 hadi 6 utapata Lokria, ambayo makao yake yamepoteza nguzo yake, kwa hiyo haitulii kamwe. Ijue kwa heshima, halafu iache.

Ningependa kila modi katika hizo ikae nawe wiki kadhaa kabla hujaikaribisha nyingine, nawe utunge ndani yake vijitungo vya sauti tatu au nne, si ngazi nzima. Katika Doria, kwa mfano, tunga kijitungo kinachoigusa ile freti ya 9 mahali penye pigo zito, kwa kuwa sauti hiyo ndiyo shahidi wake. Msikilizaji asipoisikia hatajua kama uko Doria au Eolia, na kwa kweli wewe nawe hutakuwa popote. Katika Miksolidia shahidi ni freti ya 10, katika Lidia ni ya 6, katika Frigia ni ya 1. Wanafunzi wenye haraka huipiga sauti ya shahidi kwa kuipitia tu, wakati wa kupanda, kisha hushangaa kwa nini modi zao zote zina ladha moja.

Ukiwa na mwenzako mpiga besi au mpiga gitaa la rithimu mwenye subira (watu hao wapo, ijapokuwa ni wachache), mwombe ashike kodi moja tu muda mrefu, nawe uchezee juu yake. Kisha, pasipo wewe kubadilisha sauti zako saba, yeye ahame, ashike kodi ya re badala ya do, halafu ya la, halafu ya so. Utasikia vidole vyako, ambavyo havikufanya jambo lolote jipya, vikisema maneno mapya kila anapohama. Sijui zoezi jingine linaloivunja imani ya majedwali kwa upesi kama hili.

Hapo sasa, na si kabla, uvuke kwenda nyuzi nyingine. Nyuzi za gitaa, kutoka mnene hadi mwembamba, ni E, A, D, G, B, E, na kila uzi uko freti tano juu ya ule uliotangulia, isipokuwa B, ambao uko freti nne tu juu ya G. Kasoro hiyo iliwekwa kwa hisani ya kodi, ili mkono uweze kuzishika bila kuvunjika, lakini huvuruga kila umbo la ngazi linapokatiza hapo: chochote kivukacho kutoka uzi wa tatu kwenda wa pili husogea freti moja zaidi kuelekea mwilini. Iweke kichwani kanuni hiyo, nawe utakuwa umeokoa nusu ya taabu. Kadhalika ujue pacha za kila sauti: kutoka uzi wa sita au wa tano, ruka uzi mmoja na uongeze freti mbili, utaikuta oktava yake, kutoka uzi wa nne au wa tatu, ruka uzi mmoja na uongeze freti tatu. Kwa hizo pacha makao yako hayatakupotea popote mkono utakapokuwa.

Kuhusu umbo lenyewe, wako wanaofundisha maumbo matano, wako wafundishao saba, na mabishano yao hayana mwisho. Mimi napendelea njia ya sauti tatu kwa kila uzi, si kwa sababu ni bora kwa kila kazi, bali kwa sababu ina siri moja ambayo mwanakwaya ataifurahia. Zigawe sauti za ngazi tatu tatu ukiendelea mbele bila kukoma: so la ti, do re mi, fa so la, ti do re, mi fa so, la ti do, re mi fa, kisha umerudi so la ti. Makundi matatu ya kwanza yana hatua mbili nzima. Mawili yanayofuata yana nusu hatua mbele kisha hatua nzima. Mawili ya mwisho yana hatua nzima kisha nusu hatua. Tatu, mbili, mbili, halafu duara linaanza upya. Basi mkono wote wa kushoto una maumbo matatu tu ya kujifunza, na kilichobaki ni kujua uko wapi katika duara. Chukua mfano wa do ikiwa C, penye freti ya 8 ya uzi wa sita: utapiga 8, 10, 12 kwenye uzi wa sita na wa tano, 9, 10, 12 kwenye wa nne na wa tatu, na 10, 12, 13 kwenye wa pili na wa kwanza. Umbo hilohilo, bila kidole kimoja kubadilika, ni Doria mpiga besi akikaa D, na ni Eolia akikaa A. Asiyekuwa amepitia zoezi la besi atalisoma neno hili kama kitendawili; aliyelipitia ataliona ni jambo la kawaida.

Lakini solo za dansi, za Kinshasa na za Dar es Salaam, hazikujengwa kwa ngazi za sauti moja moja tu. Sikiliza gitaa la Docteur Nico, au la Franco na OK Jazz yake, au la Mbaraka Mwinshehe tangu enzi zake za Morogoro Jazz, utasikia mara nyingi sauti mbili zikitembea pamoja, moja ikimwandama mwenziwe kwa umbali wa sauti tatu au sita za ngazi. Mwenye kujifunza gitaa katika nchi zetu akiliruka jambo hili ameruka moyo wa somo. Uanze hivi, do ikiwa C. Kwenye uzi wa pili piga freti za 1, 3, 5, 6, 8, 10, 12, 13, na wakati huohuo kwenye uzi wa kwanza piga mtupu, 1, 3, 5, 7, 8, 10, 12, kila sauti ya chini pamoja na ya juu iliyo mkabala nayo. Utakuta maumbo ni mawili tu: mahali pengine vidole vimepishana freti moja, mahali pengine freti mbili. Vinapishana freti moja penye do, fa, na so, na hizo ndizo nguzo za kodi tatu ulizokuwa ukipiga tangu siku ya kwanza; kwingineko vinapishana freti mbili. Ukishazoea, usipige zote mbili kwa pamoja kila mara: tangulia na ya chini, ya juu iifuate, kisha ugeuze, huku kidole cha rithimu cha mwenzako kikienda, na hapo gitaa litaanza kuzungumza lugha unayoijua tangu kwenye redio ya nyumbani kwenu.

Juu ya muda na mwendo sina mengi. Robo saa kila alfajiri hushinda saa tano za Jumapili. Kipima mwendo kiwekwe penye mapigo 60 kwa dakika, sauti moja kwa pigo, wala usiongeze mpaka kila sauti itoke safi bila kuunguruma. Ikiunguruma, aghalabu kidole kimekaa mbali na freti, kisogeze kiikaribie bila kuikalia. Freti nne zigawiwe vidole vinne, kimoja kwa kila freti, shahada hadi cha mwisho, na hicho cha mwisho usikionee huruma. Nyuzi zilizochakaa hudanganya sikio hata kama mkono hauna kosa, hivyo zibadilishe mapema kuliko unavyopenda.

Limebaki jambo moja kwa ajili ya watu wa pwani, ambao masikio yao yamelelewa na taarabu. Ukiwa bado na besi yako ya uzi wa sita, piga kwenye uzi wa kwanza: mtupu, 1, 4, 5, 7, 8, 10, 12. Hiyo si modi yoyote kati ya zile saba, nawe utaitambua kabla hujafika nusu, maana ni Hijazi, mojawapo ya makamu, yaani ngazi zitumikazo katika taarabu, yenye ule mruko wa freti tatu kati ya sauti ya pili na ya tatu. Makamu nyingine nazo zinakaa vizuri juu ya freti: Ajamu ni karibu sawa na ngazi kuu, Nahawandi ni jirani wa ngazi ya huzuni, na Kurdi ni jirani wa Frigia, kwa hiyo mpiga gitaa aliyefuata mafunzo haya anaweza kuketi na wapigaji wa udi na fidla asiwe mgeni kabisa. Walakini Rasti na Bayati zina sauti zinazokaa katikati ya freti na freti, na udi huzipata kwa sababu shingo yake haikukatwa. Mpiga gitaa anaweza kuuvuta uzi pembeni ili sauti ipande kidogo, lakini hawezi kuishusha chini ya freti aliyoishika, na sauti iliyovutwa haitulii kwa muda mrefu. Anayezitaka makamu hizo kwa haki yake na aazime udi kwa mwenye udi, aanze tena na uzi mmoja, safari hii bila freti ya kumwongoza.